Watoto wa Halaiki

Jumatatu, 24 Agosti 1998

Nimechoka, lakini nacheka peke yangu. Watoto wangu mia mbili wa halaiki walitakiwa kujipanga pale uwanjani waandike MORO kwa miili yao. Ikasomeka ROMO! Mwalimu Mkuu Ignas akauliza hicho ni kituo gani cha basi. Lawama zote kwa Darasa la Nne B. Wao wakajitetea: O ni O, mwalimu, hata ukiigeuza.

Sherehe za michezo ya shule ni Jumamosi ya tarehe tano. Sare bado! Kesho nampeleka Ignas kwa jirani yangu Speransia, Mnyarwanda, anayeshonea barazani kwake. Maneno yake machache, lakini mshono wake haufumuki.

Jumanne, 25 Agosti

Aibu. Aibu tupu.

Ignas alitangulia na robota la kitambaa cha Dubai, na sauti yake ile ya paredi: "Mama, nataka unimalizie watoto wote wa halaiki kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo!"

Mkasi ukamponyoka Speransia. "Watoto gani?"

"Wa halaiki, mama. Mia mbili."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabaki tumesimama na robota letu. Ignas ananong'ona: nimemkosea nini?

Nilielewa tukiwa njiani kurudi. Speransia alijifunza Kiswahili kule Ngara, kambi ya wakimbizi, kwa redio, kabla masista hawajamleta Morogoro. Na redio inasemaje kila siku? Mauaji ya halaiki. Hajawahi kulisikia neno hilo likiwa peke yake. Na sisi tunamwambia awamalize watoto!

Miaka tisa nafundisha halaiki. Sijawahi kujiuliza maana yake.

Jumatano, 26 Agosti

Nimekwenda kwa Maalimu Hashimu, wa madrasa ya mtaani kwetu. Shikamoo, marahaba, habari za mama kule Mgeta — ndipo nikauliza.

"Khalaiki," akasema. "Kiarabu hicho. Viumbe. Walioumbwa na Khaliki, Muumba. Kwetu ikawa watu wengi pamoja."

"Kwa hiyo si neno baya?"

"Lenyewe halina damu, mwanangu. Lenye damu ni hilo mauaji linalotangulia."

Kisha akanogewa, akanitajia maneno yote tuliyokopa kwa Waarabu mpaka chai ikapoa. Sahani, karatasi. "Hata samaki, mwanangu!" Nikamwambia jamani, ugali mtuachie. Akacheka mpaka kofia ikapinda.

Ijumaa, 28 Agosti

Nilibisha hodi kwa Speransia. Nikaomba radhi, nikamweleza yote, na watoto wanaorukaruka uwanjani.

"Viumbe tu?" akauliza.

"Viumbe tu, dada."

Halafu kicheko! "Mwalimu Mkuu wako, jamani! Unimalizie watoto!" Akaiga sauti ya Ignas, na kitambi chake kabisa. Sikujua kama anaweza.

Tulipotulia akaniambia kwao mauaji yale wanayaita itsembabwoko. Gutsemba ni kuangamiza, kumaliza asibaki hata mmoja. Ubwoko ni kabila, lakini pia ni aina tu — hata ukinunua maharage unaulizwa ubwoko gani. Nikamwambia redioni siku hizi wanasema pia kimbari, kutokana na mbari, yaani ukoo. Na sisi Waluguru ukoo ni lukolo, mtu anaupata kwa mama. Akalipenda hilo. Kwa mama, akarudia.

Kisha, huku anatunga uzi: "Siku zile hatukuwa na neno, mwalimu. Waliokuwa wanaua waliyaita mambo yale kazi. Wanaamkiana asubuhi, wanasema twende kazini."

Akaniuliza sketi ziwe za marinda au za kawaida.

Marinda.

Jumatano, 2 Septemba

Redio: mahakama ya kimataifa kule Arusha imetoa hukumu ya kwanza ya mauaji ya Rwanda. Hatia! Ofisini walimu wakaanza kubishana, halaiki au kimbari. Ignas akashusha kamusi yake nene. Kumbe lile la Kiingereza, jenosidi, limetungwa juzijuzi tu, 1944, nusu Kigiriki nusu Kilatini. Petro wa hesabu akasema mambo yalikuwepo, neno ndilo lilichelewa.

Jioni nilipita kwa Speransia. Redio inasema, cherehani kimya.

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia. Wameliita kwa jina lake, mbele ya jaji." Akakata uzi kwa meno. Sare mia na sitini tayari.

Jumamosi, 5 Septemba

MORO! Imesomeka MORO! Mkuu wa Wilaya kasimama kupiga makofi. Marinda yakapepea mia mbili kwa mpigo, nikahisi Uluguru mzima unatuangalia. Na nani alipiga kigelegele kirefu kuliko wote jukwaani? Speransia. Kavaa kitenge kipya. Ignas alimpelekea soda mwenyewe, akaongea naye kwa sauti ndogo kama yuko kanisani.

Jumapili, 6 Septemba

Speransia amekuja baada ya misa. "Mwalimu, una daftari ambalo halijaandikwa?"

Anataka niandike yaliyompata. Miaka minne, hakuna aliyemuuliza. Nami pia sikuwahi, namuona kila siku! Nikachukua daftari la mistari, nikauliza juu tuweke neno gani. Halaiki? Kimbari? La kwao?

"Acha wazi. Andika majina kwanza."

Wanawe. Wa dada yake. Kila jina analitaja pole pole, herufi kwa herufi, nisikosee. Baada ya jina anasema jambo moja. Huyu alipenda kupanda juu ya paa. Huyu alikuwa anakataa kuoga, tunamkimbiza nyumba nzima na ndoo! Anacheka. Nami nacheka, nafuta macho kwa kiwiko.

Sasa ameenda jikoni kutazama maharage yangu yasiungue, ndiyo nimepata nafasi ya kuandika hapa. Tumefika jina la saba. Nimemuuliza yako mangapi. Ameniambia niandae kurasa.

Anarudi. Anasema wa nane alikuwa na mwanya, na aliimba —