Mama Bweni

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mumeo na mtoto hawajambo? Mimi mzima, ila moyo umenyong'onyea.

Jana nilipoingia darasani, wanafunzi wote walisimama kuniamkia wakidhani mimi ndiye mwalimu. Nilipokwenda kukaa nyuma, wakaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alipofika akauliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamjibu, "Natafuta shahada ya ualimu." Wakacheka tena. Kazi zote hapa huandikwa kwa kompyuta, nami hata kuiwasha sijui. Bwenini wasichana wakiniona wananyamaza, kama vile nimetumwa kuwapeleleza. Miaka hamsini na miwili, nilijitakia nini? Jumamosi narudi kwenye cherehani yangu.

Mama yako

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mjukuu wako ameota jino la pili, anang'ata hata meza.

Usirudi. Cherehani nimeikalia na siinuki, na wateja wanasema sketi zangu zinakaa vizuri kuliko zako (usinune). Miaka ishirini na sita umeshona sare za shule huku ukiniambia unatamani kusimama mbele ya darasa. Ile barua ya kukubaliwa, ukurasa wa pili, inataja ofisi ya ushauri wa wanafunzi. Inasema ni ya kila mwanafunzi, na wewe ni mwanafunzi. Nenda kwanza, kufungasha baadaye.

Mwanao

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Uko salama? Jumamosi ile nilikwenda stendi, hukushuka. Tangu hapo kimya. Sijui nifurahi au niogope. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe, nilizidiwa na kazi za kuandika. Na nimeziandika mwenyewe, kwa kompyuta!

Ofisini nilikwenda na begi langu mkononi. Mshauri hakunicheka wala hakunionea huruma; aliniuliza tu najua nini na nimekwama wapi. Akanikutanisha na mwanafunzi mwenzangu asiyeona, wanamwita Redio kwa sababu hanyamazi. Kompyuta yake humsomea kwa sauti, lakini vitabu vya maktaba haiviwezi. Basi mimi namsomea vitabu, naye ananifundisha kuchapa. "Usiangalie vidole, mama," ananigombeza. "Mbona mimi siangalii?"

Ofisi ikatuombea pia somo la ziada la kompyuta. Nilidhani nitakuwa peke yangu, kumbe tuko kumi na mmoja!

Na wale wasichana walikuwa wakiniogopa tu. Zipu ya mmoja ilikatika asubuhi anatoka kwenda mtihani, nikamshonea akiwa amesimama mlangoni. Tangu siku hiyo naitwa Mama Bweni.

Mama yako

30 Juni

Mwanangu,

Wabusu wote, maana nina haraka ya kukusimulia.

Leo matokeo yamebandikwa ukutani. Redio akanishika mkono: "Haya, nisomee." Jina lake nililiona upesi, amefaulu. Langu nikalitafuta mstari kwa mstari mpaka katikati ya orodha. Halipo.

"Mimi simo," nikamwambia.

"Umeanzia wapi?"

"Chini, kwa waliofeli."

"Ah, mama! Hebu anzia juu."

Nikaanzia juu. Nimepiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio, naye nikamkumbatia.

Mama yako,
wa tatu kati ya mia na themanini