Sura ya Kasimu

Kasongo, Mei 1937

Yaya wangu mpendwa Hawa,

Salamu nyingi, dada yangu mkubwa, kutoka kwa mdogo wako Bulaimu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi inanisumbua, nitakueleza. Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba? Na mihogo ya bondeni, nguruwe mwitu wamewaachia chochote? Placide wa baiskeli, aliyekuletea barua hii, amebeba pia kifurushi kilichofungwa kwa mkeka. Nakuomba, yaya, kiweke ndani, usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua, mkono wako hauna subira. Safari hii nisikie.

Uliniuliza kazi yangu ni kazi gani, maana huko Kabambare mnaambiwa namtumikia mzungu mla watu. Lo! Profesa wetu hali watu, anakula sardini na biskuti. Ametoka université, chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji, anataka kujua watu wa Maniema wanafanana vipi na wanatofautiana vipi. Mtu analazwa chini, tunampaka mafuta usoni, tunamtia puani mirija miwili ya matete apate kupumua, kisha tunamfunika uso mzima kwa plasta, ule unga mweupe ambao hospitali wanafungia mguu uliovunjika. Ikikauka tunaibandua, na ndani yake tunamimina nyingine. Hapo inatoka sura ya yule mtu, nyeupe, macho yamefumba. Mimi nilichaguliwa kwa sababu mkono wangu hautetemeki.

Hiyo université yake, yaya, ilimpa jina kubwa na barua za kumtambulisha, basi. Serikali ikampa nyumba ya zamani karibu na soko. Chakula, mishahara, kamyo ya kubebea mizigo, hata hiyo plasta, vyote vinatoka kwa kompani ya dhahabu ya Salamabila, inayotaka kuambiwa ni kabila gani linavumilia kazi ya shimo. Mkono mtupu haulambwi, na wa Profesa ni mtupu kabisa, kwa hiyo kompani ikisema neno yeye anaitikia. Kompani ikamwazima na mtu, Théophile, aliyekuwa mwuguzi katika hospitali ya kompani huko Salamabila. Ndiye mwenzangu. Na kila mwezi kamyo inaleta kutoka huko kreti ya sura zilizokwisha kutengenezwa, zawadi kwa Profesa.

Sura zote zinakaa kwenye rafu za chumba cha nyuma. Watu wa soko wamehamisha njia, hawapiti tena kando ya ukuta ule. Mvua ikinyesha, sura zinatoa jasho. Nazifuta kwa kitambaa, na kuna siku nilikisikia kitambaa hicho shavuni pangu mwenyewe. Marcelline, muuza mawese, alikuja kuniomba niigeuze sura yake itazame ukutani, kwa kuwa kila akifumba macho anaona rafu na wenzake wamepangwa mbele yake. Nilimcheka, lakini niliigeuza. Kesho yake akaniletea chupa ya mawese, akasema amelala vizuri. Halafu wale ambao sura zao zimekwisha kupelekwa Ulaya wakaanza kulalamika baridi. Katika jua hili la Kasongo, wanakaa sokoni mchana wamejifunika mikeka! Profesa akasema ni malaria. Akawapa kinini, wakaimeza, wakaendelea kutetemeka.

Sasa habari za Kasimu. Katika barua yangu ya kabla ya mfungo niliwaandikia kwamba kompani inasema uongo, mdogo wetu hakutoroka kazi, maana nimeiona sura yake katika kreti ya Salamabila, basi yu hai na ipo siku atarudi. Placide alinisimulia mlivyochinja mbuzi, na kwamba hadi leo Mama anamfunikia sahani ya ugali kila jioni na mlango haufungi. Niliwaandikia hata kwamba amekuwa shujaa, kwani wengine wote wamekunja macho na midomo kwa hofu ya plasta, yeye peke yake uso wake umetulia. Nilijivuna, yaya. Nilimwonyesha kila aliyeingia, nikisema huyu ni damu yetu.

Juma lililopita nilikuwa nazisafisha kabla ya kuzipakia. Kila sura ina vikovu viwili chini ya pua, pale tunapokata mirija kwa kisu. Marcelline anavyo, hata chifu anavyo. Kidole changu kikapita chini ya pua ya Kasimu, kisikwaruzwe na kitu. Nikarudia. Palikuwa laini. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi jeupe.

Hawakumwekea mirija, yaya. Alikuwa hapumui.

Nilimwendea Théophile. Alinawa mikono muda mrefu, kisha akasema kwamba shimo liliporomoka mwanzoni mwa mvua, kwamba huko hospitali waliwamwagia plasta waliokufa kwa sababu wafu hawatikisiki, na kwamba walizikwa pamoja mahali ambapo sasa nyasi zimeota, yeye mwenyewe hapakumbuki. Jamaa zao wakaambiwa wametoroka. Nilimwuliza na Profesa. Aliitazama ile sura, akasema zawadi ya anayekulisha haiulizwi ilikotoka, na bila kompani kazi yetu ingekufa kesho. Alinishika bega akisema hivyo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Basi kilichomo ndani ya mkeka ni Kasimu. Hatuna kingine chake. Mwambie Mama taratibu, umeshika mikono yake, na unisamehe kwa furaha niliyowaletea. Mwalimu wa msikiti akikataa, akisema plasta si maiti, msibishane naye. Mvisheni sanda, mzikeni kando ya Baba, mmwelekeze kibla, mumlilie kama inavyostahili. Mama afunge mlango wake sasa, alale.

Ila kreti zilikuwa zikaguliwe, na nafasi ya Kasimu isingeweza kubaki wazi. Nikalala chini, Théophile akanitia mirija, akanifunika uso. Sura yangu imeondoka kwenda Ulaya kwa jina lake.

Nisalimie Baba mdogo Moustapha na watoto wote wa nyumbani. Na Placide akirudi, mpe lile blanketi zito la Baba aniletee. Hapa jua ni kali, mbwa wanagombania kivuli, nami nakuandikia nimejifunika mikeka miwili.

Ndimi mdogo wako,
Bulaimu