Sipandi Kreni Mpaka Upimwe

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yamepunguza ukorofi. Sisi huku, mimi na mkweo, hatujambo.

Mama, hili sikutaka kukuambia kwa simu, maana kwa simu ungenikatiza. Wiki iliyopita nilisinzia ndani ya kreni. Mchana kweupe, chai nimekunywa, niko juu usawa wa ghorofa ya kumi na moja, na furushi la nondo linaning'inia juu ya vichwa vya waashi. Mpiga ishara aliniita kwenye redio mara nne, sikusikia. Niliposhtuka, nondo zilikuwa zinazunguka zenyewe hewani na watu wote chini wamekimbia. Hakuumia mtu. 

Nimeshushwa. Sasa niko stoo, nagawa kofia na glavu. Hospitali walinifunga nyaya kichwani kama redio mbovu, wakanipima usingizi. Wanasema nikilala koo linajifunga, na pumzi inakatika mara arobaini na nane kwa saa moja. Ndiyo maana naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nina kilo mia moja hamsini na moja, mama, na uzito huo ndio unaonikaba zaidi. Nimepewa mashine ya kusukuma hewa puani, naivaa kila ninapolala. Mwezi wa sita watanipasua na kulipunguza tumbo. Daktari akisaini kwamba nalala salama, kampuni itanirudisha juu. Na nitarudi, mama. Hilo nimeapa.

Mwanao

16 Februari

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Magoti yapo palepale. Pale pa nondo nimepasoma mara tatu. Nashukuru hakuumia mtu.

Sasa nikuulize. Nani kakuambia kukoroma ni ugonjwa? Ukoo mzima tunakoroma! Marehemu baba yako akianza, majirani walikuwa wanafunga madirisha. Na mimi wanasema nakoroma, ingawa mwenyewe sijawahi kujisikia.

Na hilo tumbo unalotaka kulikata, nani alilijaza? Miaka ishirini na tisa napikia bweni zima, wanafunzi mia nne, na hakuna aliyerudisha sahani. Wewe ndiye ulikuwa tangazo langu. Watu wakikuona walisema, kweli yule mama anajua kupika. Leo unapeleka kazi yangu kwa daktari aipunguze! Nimeumia, sikufichi.

Lakini kama umeamua, basi amua kweli. Mashine uivae kila siku, usiifanyie mzaha. Na tarehe ya kupasuliwa nataka kuijua mapema.

Mama yako

28 Mei

Mama,

Shikamoo. Habari za jikoni? Mkweo anakusalimu sana, anasema mto uliomfumia ameupenda.

Tarehe ni sita Juni, saa mbili asubuhi. Mashine naivaa kila siku, miezi minne sijaruka hata mara moja. Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa dirishani. Barakoa inabana, mpira unanizunguka shingoni, nikigeuka nao unageuka. Lakini siku ya tisa niliamka kichwa hakiumi, nikadhani nimekufa! Kumbe ndivyo watu wengine wanavyoamka kila siku, na hawajawahi kutuambia.

Nitakwenda nayo mpaka hospitali. Daktari wa dawa za usingizi kasema mtu kama mimi akichomwa sindano za maumivu bila mashine, pumzi inaweza kukatika isirudi. Kanieleza bila kupindapinda, na nimempenda kwa hilo.

Mama, mimi sikatwi kwa sababu ya chakula chako. Nakatwa ili niendelee kuja kukila, hata kama ni kijiko kimoja kimoja.

Mwanao

25 Juni

Baba yangu,

Marahaba, na pole tena. Mkeo alinipigia siku ileile kunieleza umeamka salama. Nililia jikoni, wasichana wangu wa kazi wakadhani ni vitunguu, nikawaacha wadhani hivyo.

Kijiko kimoja kimoja nitavumilia. Nimeshaulizia supu laini za mtu aliyepasuliwa, na nimeanza kuzifanyia majaribio kwa mwalimu mkuu, ambaye hajui.

Mimi sijambo, ila juzi nilisinzia nimesimama, mwiko mkononi. Nimeungua kidogo mkono, si kitu. Usianze kunihubiria. Hospitali siendi. Uzee tu.

Mama yako

4 Desemba

Mama,

Shikamoo, na habari za siku nyingi. Nisamehe kwa ukimya.

Kilo arobaini na sita zimekwenda! Mkanda nimetoboa matundu mapya mpaka umekwisha nafasi. Ngazi za stoo napanda na boksi begani huku napiga soga. Barakoa ya mashine hainitoshi tena, uso umepungua, hewa inavuja pembeni na kunipulizia machoni. Nikaona, ya nini? Mkweo anasema sikoromi. Wiki tatu sasa nalala bila chochote.

Kwa hiyo nimekutumia wewe. Yule fundi viatu jirani yako, anayekuja huku kununua ngozi, anarudi huko wiki hii, amekubali kuibeba. Ivae, mama, usibishe. Mtu anayesinzia na mwiko mkononi mbele ya sufuria la watu mia nne anaumwa. Nimekuandikia maelekezo yote kwenye karatasi.

Januari napimwa tena usingizi, ni kutimiza utaratibu tu. Tarehe moja Machi narudi kwenye kreni.

Mwanao

18 Desemba

Baba,

Marahaba. Mashine imefika. Fundi viatu aliipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Siku ya kwanza niliivaa nikajitazama kwenye kioo, nikacheka mpaka ikachomoka.

Lakini ngoja nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka minne sasa mimi silali kitandani. Nalala kwenye kiti, nimeegemea ukuta. Nikilala chali nilikuwa nakabwa, nashtuka natafuta hewa, moyo unakwenda mbio. Nikaogopa kitanda. Nilidhani ndivyo mtu anavyoanza kuitwa na Mungu.

Wiki hii nimelala kitandani, mwanangu. Nimenyoosha miguu. Asante sana. Mungu akupe kila unachotaka.

Mama yako

22 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na bado unalala vizuri. Sisi wazima. Kazi inaendelea, stoo wamenizoea mpaka wananiita meneja.

Kuhusu kipimo, usiwe na wasiwasi wowote, mambo yote yanakwenda sawa. Mwezi wa tatu naona nitakuwa ju

2 Februari

Wewe mtoto,

Sikusalimu leo. Salamu utazipata mwisho ukistahili.

Barua yako imeishia katikati ya neno. Kalamu imeteremka kutoka mstari wa nane mpaka pembe ya karatasi, na pale pembeni kuna doa la wino la mtu aliyelalia kalamu. Haina sahihi. Mkeo kaitia kwenye bahasha vilevile ilivyo, hakuongeza hata neno, na kafanya vyema. Mimi nimesoma madaftari yako tangu darasa la kwanza. Umesinzia ukiniandikia uongo!

Ulipimwa, ukaambiwa bado. Kweli si kweli? Ukaona aibu kunidai mashine kwa sababu nilikueleza habari za kiti. Najuta kukueleza.

Fundi viatu anaondoka kesho nayo. Ni yako, iliandikiwa pua yako. Ukithubutu kuirudisha nitaifanya kiota cha kuku. Mimi kiti changu nakijua, tumezoeana. Usipande ile kreni na macho mazito, nakuomba kama mama. Chini ya zile nondo kuna watoto wa watu.

Haya, hujambo?

Mama yako

12 Februari

Mama,

Shikamoo. Sijambo, na ninaona haya.

Kweli tupu. Nilipimwa tarehe kumi Januari. Pumzi bado inakatika mara kumi na saba kwa saa. Imepungua sana, lakini haijatosha. Na kumbe mtu anaweza kuacha kukoroma na bado akakabwa kimyakimya. Daktari alinigombeza sikio likapata moto. Kwanza kwa kuacha mashine kabla ya kupimwa. Pili, na hapo ndipo alipopandisha sauti hasa, kwa kukupa wewe. Kila mtu hupimiwa nguvu ya hewa yake. Ile ilikuwa imewekewa mtu wa kilo mia moja hamsini. Ningeweza kukudhuru, mama. Nisamehe.

Imefika. Wameipunguza nguvu, nimepata barakoa ndogo, na tangu siku hiyo naivaa. Ina kadi inayoandika kila saa ninayoivaa, kwa hiyo daktari anaona, siwezi kumdanganya. Kasema wiki mbili zikienda hivi atanisainia.

Sasa nisikilize. Mimi sitalala kwa raha huku nikijua wewe umeegemea ukuta. Ndani ya bahasha kuna barua ya daktari kwa hospitali ya hapo kwenu, wanapima usingizi kila Alhamisi. Nenda. Mpaka upimwe na upate ya kwako, sipandi kreni. Karatasi yangu ikisainiwa itakaa kabatini. Nimeshamwambia msimamizi, kaniita mwehu, nimemwambia kichaa hiki nimerithi kwa mama.

Mwanao

20 Februari

Baba,

Marahaba. Unanitisha? Mimi niliyekuzaa? Hospitali siendi. Panda kazini kwako.

Mama yako

1 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo ndiyo tarehe. Karatasi ilisainiwa Ijumaa. Asubuhi nimefungua stoo, nimegawa kofia, nimefagia. Kreni anaendesha mtu mwingine, naye anaburuza mzigo vibaya, roho inaniuma nikimtazama.

Kesho nitafungua stoo tena.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu mkaidi,

Hujambo? Na mkwe wangu hajambo? Mimi sijambo, na safari hii si maneno ya barua tu.

Nilishikilia siku kumi baada ya barua yako. Kila nikikoroga sufuria nakuona na ufagio. Alhamisi nikavua aproni nikaenda. Nyaya walinifunga na mimi, kichwa kizima. Mara hamsini na tatu kwa saa! Nimekupita, na mimi sina hata nusu ya uzito uliokuwa nao. Yule daktari, binti mdogo, kaniambia, "Mama, umebeba hali hii peke yako miaka yote hii?" Nikalia mbele yake kama mjinga.

Watu wa bima ya shule walisema nisubiri. Nikawaambia sawa, nasubiri hapahapa. Siku tatu nimekaa ofisini kwao nafuma. Siku ya tatu meneja mwenyewe kasaini ili nitoke. Mashine yangu imefika wiki iliyopita, imepimiwa mimi, na kiti nimekipeleka jikoni wasichana wakikalie.

Kwa hiyo toa karatasi kabatini. Msimamizi wako nimempigia, namba nilipewa na mkeo. Kasema unaanza Jumatatu ijayo saa moja asubuhi. Nimeomba ruhusa, nimekata tiketi ya basi. Nitakuwa getini nimesimama, nataka kukuona ukipanda kwa macho yangu.

Usinipungie mkono. Angalia kazi yako.

Mama yako