Besi Iliyonyamaza Alfajiri ya Pasaka

Baba,

Shikamoo. Ulizoea kunidai nikwambie kamwene, kama kwenu Kalenga, nami nikawa nakukatalia kwamba mimi ni mtoto wa Ilomba, sijui Kihehe. Basi leo kamwene, Baba. Umeshinda.

Usitafute mwandiko mzuri. Nataka nikwambie walivyokuua, maana naona wewe mwenyewe hukupata nafasi ya kuelewa.

Unakumbuka wezi walivyovunja stoo ya kanisa wakabeba tarumbeta mbili. Ulikasirika mpaka chakula kikakushinda. Ukasimama, wewe mwalimu wao, mbele ya bendi yako ukasema, mtu akiona chombo kinatoka na mtu asiyemjua, apige kelele mtaa mzima usikie. Wote wakaitikia. Halafu Jumamosi ile vali ya besi, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini, ikagoma. Ukaizungushia blanketi, ukavaa koti la mvua uliloazima kwa jirani, kofia yake ukaivuta mpaka machoni kwa ajili ya ile baridi na ukungu, ukatokea mlango wa nyuma wa kanisa kwenda kwa fundi wa Mwanjelwa. Hukumwambia mtu. Lini wewe uliwahi kumwambia mtu?

Tito alikuwa barazani kwao anafanya mazoezi ya tromboni. Tito wako huyo huyo, uliyemfundisha kupumua kwa kumlaza chali na kumwekea tofali tumboni. Akaona mgongo wa mtu, na mdomo wa besi umechungulia nje ya blanketi. Akapayuka: "Mwizi! Mwizi wa matarumbeta!"

Na wewe ukakimbia. Jamani, Baba! Ulisikia mwizi wa matarumbeta ukadhani yuko mbele yako, ukaanza kumfukuza! Mama muuza maparachichi alikuona, anasema hata wewe ulikuwa unapiga kelele, "Mkamateni!" Nani mwingine chini ya jua angefanya hivyo? Watu wakaona mtu anakimbia na besi ya kanisa begani, na wao wakafanya walichofanya.

Besi hukuiweka chini. Ulitufokea miaka yote kwamba chombo hakilazwi chini, na siku hiyo pia ukakataa kuilaza. Ukaikumbatia kwa mikono miwili, kichwa ukakiacha wazi. Matofali, nondo, mawe. Nilipofika walishatawanyika, nikakukuta umeilalia. Wanawake wawili walinisaidia kuitoa mikononi mwako. Damu yako ilikuwa imeingia ndani ya mdomo wa besi, na mimi ndiye niliyeimwaga. Niliimwaga mwenyewe, Baba, pale pembeni mwa mtaro.

Redio ikatangaza kwamba umeuawa na wananchi wenye hasira kali. Nyoo! Hasira kali gani? Wale wana majina, wananunua mkaa dukani ninakonunua mimi. Mpelelezi akaja, akauliza mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa sokoni siku hiyo. Hakuna aliyeona. Tito alisema aliita tu, akarudi ndani.

Tulikuzika kwa bendi, kama ulivyotaka. Tarumbeta walisimama mbele, vifua mbele kama kawaida yao, wale uliokuwa ukiwaita majogoo. Pembe za katikati zilikuwa zinalia, yaani wapigaji wenyewe walikuwa wanalia na sauti ikawa inakatika. Tromboni zilijipanga nyuma yao, na Tito akiwa wa kwanza, shati jeupe limepigwa pasi. Ameshika tromboni uliyomchagulia wewe! Nikachukua rungu la ngoma kubwa mkononi mwa mpiga ngoma, nikamfuata Tito, nikampiga nalo mdomoni. Jino lilitoka. Nikampiga tena begani, wakanishika. Shangazi kutoka Iringa alikuwa analia, "Mwanangu, mbele ya jeneza?" Ndiyo, mbele ya jeneza. Sijutii hata leo.

Tangu hapo nyumbani kumekuwa hivi: mama halali chumbani kwenu, analala sebuleni kwenye mkeka. Kuku wako wa kienyeji wameisha, wameliwa na wageni wa msiba. Besi niliipeleka kwa fundi mimi. Vali alitengeneza, lakini mbonyeo wa tofali nilimkataza kuugusa, akanishangaa. Nikaanza kuipiga. Wewe ulikuwa unasema mwanamke hana kifua cha besi. Ninacho, Baba, na kina hasira ndani yake, kinatosha hata kwa besi mbili.

Mchungaji amekuja mara nyingi. Wazee wa kanisa nao. Wote wimbo wao mmoja: samehe, Tito ni kijana, Tito aliita tu, bendi isivunjike. Niliwauliza, aliyemuua baba ni nani basi, niseme namsamehe nani? Wakaniomba niwaongezee chai. Nikawaambia nitapiga Pasaka, wakashukuru Mungu pale pale. Hawakuniuliza nitapigaje.

Pasaka yenyewe unaijua. Bendi inapita mitaani alfajiri kuwaamsha watu, halafu wote tunakwenda makaburini kulipokea jua na marehemu wetu. Mwaka huu msalaba wako ulikuwa bado mpya, mbao inanuka rangi. Mchungaji akainua mkono. Tarumbeta zikaanza, pembe zikafuata, tromboni zikaingia. Mimi nikaiweka besi mdomoni nikanyamaza.

Unajua bendi bila besi inavyokuwa. Tarumbeta zilipiga kelele zikiwa peke yao juu kule, wa katikati wakaanza kutafutana, tromboni zikapunguza mwendo, mpiga ngoma akapotea kabisa. Wakafika nusu ya ubeti wakaacha. Kanisa zima likageuka kuniangalia. Nikasema, "Besi haitapiga juu ya kaburi hili mpaka mtu aseme nani alimuua mwenye nayo. Mmoja tu. Nasubiri." Mzee wa kanisa akasema nikae chini nisiharibu ibada. Nikamwambia anikalishe yeye akiweza.

Tulisimama pale mpaka jua likatoka. Watoto wakaanza kulia kwa baridi. Ndipo Tito akatoka mstari wake, lile pengo linaonekana, akasema hivi, namnukuu kama alivyosema: "Sikurudi ndani. Nilikwenda. Kofia ilimtoka baada ya jiwe la kwanza, nikamwona ni Mwalimu. Akaniona na yeye. Akaniita, Tito, waambie. Nikaogopa watanigeukia, nikanyamaza."

Uliondoka nisijue hilo, Baba. Kwamba ulimwita kwa jina. Kwamba neno moja la mtu uliyemlisha ugali mezani kwetu lingetosha, na alikuwa nalo, akalimeza.

Mama alianguka. Mimi damu ilinipanda machoni, nilitaka nimsukumie kichwa ndani ya ule mdomo wa besi. Ningeweza, hakuna aliyekuwa ananishika safari hii. Badala yake nikamwuliza walikuwa akina nani. Akawataja mmoja mmoja kwa sauti. Wawili walikuwa wamesimama pale pale na vitabu vya nyimbo mkononi. Mmoja ni huyo mzee aliyetaka nikae chini. Watu wakawarukia, mawe yakaokotwa, Baba, makaburini, siku ya Pasaka! Walitaka kuwafanya vile vile.

Nikapuliza besi. Si wimbo, ni sauti moja tu ya chini, kwa nguvu zangu zote, mpaka midomo ikachanika na watu wakaziba masikio. Nilipoishiwa pumzi nilipuliza tena. Mawe yakashuka. Nikasema hao ni wangu, wanakwenda kituo cha polisi wakiwa wazima, wakajibu kwa midomo yao. Tukawapeleka kwa miguu, bendi nzima, na Tito akaandikisha maelezo mpaka mchana.

Sasa nikuage, Baba, mama ananiita tukale. Kesi ikitajwa nitakuwepo, na kila itakapotajwa nitakuwepo. Tito simsamehi, usiniombe hilo hata ndotoni. Lakini akisimama kizimbani kusema uliyemwita ni yeye, nitakaa kiti cha mbele kabisa, nimtazame usoni, na safari hii hatanyamaza.

Mwanao,
Neema