Tulisema Heri, Bibi, na Wadi Ikashuka

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo.

Ungekuwa hapa ungeitika marahaba kwa kuivuta mpaka pumzi ikakuishia, kisha ungeniuliza habari za huku. Nitakujibu, lakini si sasa hivi. Nikianza na jibu nitalia, na nikilia mama atakuja mlangoni kuniuliza nina nini, na mimi nitasema sina kitu. Unanijua.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiye uliyenipa. Shuleni wamenifundisha Kiarabu na Kiingereza. Kwa Kiarabu naweza kumwandikia hata waziri, na kwa Kiingereza naweza kueleza mvuke unavyogeuka mvua. Kiswahili hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilikiokota jikoni kwako pamoja na harufu ya iliki, na nikikosea ulikuwa unacheka kwanza, kunisahihisha baadaye. Basi cheka. Na barua hii siifungi. Asome anayetaka, hata wale wa upande wa pili wa wadi, huu mto wetu mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani.

Unaikumbuka Jumatano ile sokoni Ibra? Soko la wanawake, ambapo wanaume huishia getini wakisubiri. Ulikuwa umekaa mahali pako, kati ya muuza udi na yule mama wa Wadi Bani Khalid mwenye ndimu kavu, na sufuria la vitumbua limefunikwa kanga. Mimi nilikuwa nyuma yako, kama kawaida, nimejibana hata wateja walidhani ni mzigo. Akaja mwanamke mrefu, abaya yake ina nakshi mikononi. Alikuwa Salma. Kaka yake alikuwa anagombea kuwa mwakilishi wa wilaya yetu katika baraza huko Muscat, na kwa kuwa yeye mwenyewe asingeweza kukanyaga soko lile, alimtuma dada yake atutafute wanawake. Ulikuwa ndio mwaka wa kwanza ambao kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura.

"Nyinyi ndio wale Wazinjibari wa ng'ambo ya wadi?" alikuuliza kwa Kiarabu.

"Zanzibar mimi niliiona toka melini tu, mwanangu," ukamjibu, kwa Kiarabu chako kile cha kutembelea mkongojo. "Mimi mtu wa Tabora. Ila ng'ambo ya wadi, naam. Huko ndiko tulikotupwa."

Muuza udi alicheka mpaka akashika kifua. Salma naye alicheka, akachuchumaa mbele yako, na hilo nililipenda, kwamba alichuchumaa. Akauliza mnataka nini huko kwenu.

"Njia ya saruji. Iinuliwe, maji yapite chini. Mvua ikinyesha milimani sisi tunageuka kisiwa. Basi la shule halivuki, gari la wagonjwa halivuki. Mkwe wa jirani yangu amezaa ndani ya pikapu, huku tunatazama taa za mji ng'ambo."

"Ndugu yangu akiingia ataisemea mpaka ijengwe."

"Neno lake?"

"Lake, na langu mimi."

Ukachota kitumbua ukampa. "Kula basi. Ukishakula changu, tumeshafungana." Akala, mafuta yakamchuruzika kwenye zile nakshi, nawe ukamfuta kwa ncha ya kanga kana kwamba umemzaa wewe.

Siku ya kura ulivaa kanga mpya chini ya abaya ambapo hakuna ambaye angeiona. Ami Nassor, jirani yetu, aliwapakia wanawake wote wa mtaa kwenye pikapu yake, na uliporudi ulikaa kizingitini bila kuvua viatu. "Tangu nishuke nchi hii," ulisema, "leo ndiyo nimeulizwa mimi nataka nini." Ulisema polepole, si kwangu, sijui kwa nani. Pengine kwa babu, Mungu amrehemu, ambaye alikuleta huku akikuahidi kuwa unarudi kwenu, na ukafika ukakuta kwenu huko hakukujui.

Kaka yake Salma akashinda. Magari yalipiga honi mpaka kwetu, yakageuza pale pale ukingoni mwa wadi.

Sasa Bibi, nataka kusema jambo ambalo tulilijua sote na hakuna aliyelisema. Huku bara ya Oman mgeni akishakula tende na kahawa ikamiminwa, lazima ulizo la habari lipite. Anauliza, "Shei ulum?", kuna habari gani, na mwenye nyumba anajibu hakuna, ni heri tu. Hata kama paa limeanguka, kwanza unajibu heri. Desturi hii sisi tuliotoka Afrika hatukufundishwa na mtu, tulikuja nayo. Nani kwetu aliulizwa habari akajibu mbaya? Tunajibu njema huku machozi yanatiririka. Na kulikuwa na kingine. Walikuwa wanatucheka kwa Kiarabu chetu, kwa muhogo wetu, kwa sauti zetu za juu. Basi tulitaka watuone kuwa kwenye adabu hatuna mpinzani. Wenyeji hujibu heri mara moja, kisha wakivuta matakia huanza kulalamika. Sisi tulijibu heri tukabaki hapo hapo.

Idi ya kwanza baada ya ushindi Salma alikuja. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikaa juu ya jamvi lako, akala halwa, akauliza habari. "Heri," ukasema, "heri tupu, alhamdulillah." Mama akasema heri. Mke wa Ami Nassor akasema heri. Akanigeukia mimi niliyeshika birika la kahawa: "Na wewe, binti?" Nikasema heri, kwa sauti isiyofika hata takia la pili. Akaja tena kwenye harusi ya Zuhura, binti wa mtaani kwetu, akauliza, tukajibu vilevile. Nje ya dirisha wadi ilikuwa imelala, nyeupe, na watoto wanacheza mpira ndani yake.

Kisha figo zako zikachoka. Ukaanza kupelekwa hospitali Ibra kwenye mashine ya kusafisha damu, kila juma, tena na tena, na kila safari pikapu ya Ami Nassor iliteremka wadini na kupanda huku umeshika ubavu. Hukulalamika. Ulikuwa unaniambia mashine ile inakoroma kama babu.

Siku moja tukasikia kijiji cha jirani, kile cha njia ya kwenda Al Mintirib, kimejengewa njia ya kuvukia. Ya saruji. Imeinuliwa. Ulikuwa unapepeta mchele. Ukaweka ungo chini.

"Yalla, vaa abaya. Twende kwa Salma."

"Bibi, nitasema nini mimi?"

"Wewe husemi kitu. Wewe utakaa tu, ili nisijione niko peke yangu."

Salma alitupokea kwa mikono miwili. Baada ya kahawa, safari hii wewe ndiye uliyeanza. Ukamuuliza kulikoni, mbona wale wamepata na sisi bado. Akakuangalia kwa mshangao wa kweli, si wa kuigiza.

"Mama, wale walikuja kwa kaka yangu kila mwezi wakapiga kelele. Nyinyi nilikuja mwenyewe nikawauliza. Idi nimewauliza, harusini nimewauliza. Mlisema heri! Kaka yangu akiniuliza watu wa ng'ambo wanasemaje, namwambia wametulia, hawana neno."

Ukacheka, Bibi, cheko lile la kupiga paja, mpaka Salma naye akacheka bila kujua anacheka nini. Ukamweleza yote upya, wadi, basi la shule, mashine. Akashika mkono wako akasema atamfikishia, wallahi.

Njiani ulicheka tena peke yako. "Tumejizamisha kwa adabu, mjukuu wangu." Lakini usiku hukula chakula. Nilitaka kukuambia kitu, nikakosa lugha ya kukuambia, mimi niliyesifiwa shuleni kwa lugha mbili.

Tukasubiri. Njia haikuja. Ilikuja mvua.

Mbingu juu yetu zilikuwa safi, unakumbuka? Ilinyesha milimani, na sisi tulisikia tu ule mngurumo, kisha maji ya udongo yakashuka yamebeba makuti na pipa la mtu. Ilikuwa siku yako ya mashine. Ami Nassor alisimama ukingoni na funguo mkononi. Ng'ambo gari la wagonjwa lilikuja likasimama, taa yake inazunguka, na dereva akatupungia mikono kuonyesha hawezi. Wewe ulikuwa umeketi ndani ya pikapu, umevaa tayari, mkoba wako mapajani. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Uliniambia, "Tazama ile taa, nzuri." Maji hayakupungua siku ile wala iliyofuata.

Sisemi wadi ndiyo iliyokuua. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka na ungechoka tu. Nilimsikiliza, nikamtafsiria mama, na kila neno lilikuwa sahihi. Lakini ulipovushwa mwishowe hukuwa tena yule aliyevaa mwenyewe akabeba mkoba wake, na hukurudi kuwa yeye.

Matangani walikuja watu wengi kuliko ulivyodhani, Bibi. Muuza udi alikuja. Mama wa ndimu kavu alikuja akalia kwa sauti, akaambiwa anyamaze, akakataa. Siku ya pili akaja Salma. Akatupa mkono wa pole, akasoma Fatiha, akakaa. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Na akauliza, kwa kunong'ona, kwa kuwa ndivyo inavyoulizwa hata msibani, "Shei ulum?"

Mama akasema, "Heri."

Nakuungamia, Bibi: sikuwa shujaa. Nusura niendelee kumimina kahawa tu. Lakini nilikiona tena akilini kitumbua kile cha sokoni na ile ncha ya kanga. Nikasema kwa Kiarabu, "Habari ipo."

Mama alinifinya mguu. Niliendelea. Nikasema habari ni kwamba gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo na bibi yangu alikuwa huku, na taa tulikuwa tunaiona. Nikasema uliahidiwa sokoni, na kwamba yeye Salma alikula chakula chako. Nikasema sisi si watu waliotulia.

Salma aliishusha finjani bila kunywa.

"Alipokuja kwangu nilimfikishia kaka yangu," alisema. "Akaniambia watu wa ng'ambo wana subira, watangoja."

"Nawe ukamwambia nini?" nilimuuliza. Mimi, Bibi! Nilimuuliza mtu mzima mbele za watu.

Aliisukuma finjani pembeni.

"Nilimwambia heri," akasema.

Kisha akajifunika uso kwa shela, na mama, ambaye dakika ile ile alikuwa ananifinya, alisogea akamshika bega. Wakakaa hivyo. Sikujua nimkasirikie nani.

Mama alinigombeza baadaye, kwamba nimemtia aibu siku ya msiba wako. Lakini kesho yake mgeni mwingine alipouliza habari, mama alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na wanawake wote wakainua vichwa kumtazama. Alijibu heri. Ila alinyamaza kwanza.

Tangu hapo wamekuja watu wawili na kamba ya kupimia. Wakapaka rangi nyekundu kwenye mawe mawili, moja kila upande, wakaenda. Ami Nassor anasema hiyo ni alama nzuri. Mimi kila nikitoka shule nalitazama jiwe la upande wetu, na naona rangi inaanza kubanduka. Mwakilishi mwenyewe hajaja. Wanasema uchaguzi mwingine ukikaribia atakuja, au atamtuma mtu. Mama amesema akimtuma mtu sokoni, kitumbua atauziwa kama wateja wengine.

Haya, Bibi. Nimefika mwisho, na bado hujaniuliza. Basi nitajiuliza mwenyewe kwa niaba yako.

Habari za huku?

Si njema, Bibi. Wadi iko vilevile. Mahali pako sokoni anakaa mama, na vitumbua vyake vinakuwa vigumu, watu wananunua kwa huruma. Kanga yako ya siku ya kura ninayo mimi, na harufu yako imeanza kutoweka. Na nikikosea Kiswahili, nyumba nzima hakuna anayecheka.

Mjukuu wako,
yule uliyekuwa unamficha nyuma yako sokoni