Kwa Yaya Anaclet, Aliyeondoka na Mwisho wa Hadithi

Yaya Anaclet,

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha kitabu, kile ulichotaka tutumie kwenye hadithi zetu za picha ili mtu wa Likasi na mtu wa Kigoma wasome bila kuuliza. Nyumbani ninakulilia kwa Kiswahili chetu, kile ambacho ndani yake yaya ni kaka mkubwa. Hapa nitajikaza.

Ni miezi saba tangu tukuzike. Mvua zimekwisha, na vumbi jekundu limerudi kwenye madirisha ya chumba chetu cha kazi pale mtaani Kamalondo. Shule imepata mwalimu mwingine wa biolojia, mtu mpole. Wanafunzi wako wanasema anafundisha vizuri, ila hawezi kuchora ubongo ubaoni bila kuinua chaki.

Hao wanafunzi ndio wanaonimaliza. Wananisimamisha barabarani, hata mbele ya kanisa, wakiniita shangazi: "Tantine Mado, Kapya alirudiaka ao alibakiaka?" Wanataka kujua kama Kapya wa hadithi yetu alirudi au alibaki. Ninawaambia mwisho uko njiani. Hauko njiani, Yaya. Hauko popote.

Sijui kama unakumbuka tulipomwacha. Labda mwishoni hata yeye alikuwa amekutoka. Kapya, fundi wetu wa mgodi kutoka Kambove, alikuwa bado kwenye sayari ya Welu, kwa wale watu uliowatunga wasiokuwa na ubongo kichwani. Ubongo wao ulikuwa nyuzi nyembamba zilizotandazwa chini ya ngozi, mwili mzima, mpaka kwenye viganja. Wakishikana mikono, anachokijua mmoja kinahamia kwa mwingine, kwa hiyo kule hakuna anayekufa na jambo lake. Walimwonea Kapya huruma. Walimuuliza wanadamu wanawezaje kuishi, kila mmoja amefungiwa ndani ya mfupa wake. Swali hilo uliliandika ukiwa mzima, ukicheka, kikombe cha chai mkononi. Kisha wakamwambia wanaweza kumtia nyuzi zao, awe kama wao, ila hatabaki na siri hata moja ya peke yake. Sehemu ya kumi ikaishia hapo. Ya kumi na moja ndiyo ingekuwa ya mwisho, nawe uliijua yote. Hukuwa unaandika mwisho mapema. Ulisema ukiuandika unapoa.

Nilipokuja kwako kujifunza kazi, kitu cha kwanza ulichonipa kuchora kilikuwa ubongo wa Kapya. Uliutazama sana, ukaniambia, "Mado, hii haiko bongo, iko shufleri." Kweli nilikuwa nimechora koliflawa. Badala ya kunirudisha mezani ulinipeleka sokoni, ukanunua kichwa cha mbuzi, ukamwomba muuza nyama akipasue polepole. Palepale juu ya meza yake, kati ya nzi, ulinionyesha kwa ncha ya penseli: hapa pa kuona, hapa pa kusimama bila kuanguka. Halafu ukanigusa juu ya sikio la kushoto. "Na kwa muntu, hapa njo pa maneno." Watu walikuwa wamesimama kutusikiliza kama vile ni mahubiri. Mke wako, Mama Régine, aliukaanga ule ubongo na vitunguu tukaula na bukari, ugali wetu, ukamsifu mbuzi yule kwamba alikuwa na akili tamu.

Ugonjwa ulianza kwa mambo ya kuchekesha, na hilo ndilo linaloniuma. Uliniomba maji, huku ukinyoosha mkono kwenye wino uliokuwa unautaka. Ulimwita mkuu wa shule "kijiko" na sote tukacheka, hata yeye. Kisha ukaanguka darasani, ukitetemeka, na wanafunzi wakakubeba hadi nje.

Mimi na Mama Régine tulikuwa nawe siku daktari alipoweka picha ya kichwa chako kwenye mwanga. Ulisogea karibu. Uliitazama kama ulivyokuwa ukitazama kazi zangu, ukitafuta kosa, na ukaliona kabla hajalionyesha: doa jeupe, kushoto, juu ya sikio. Daktari alieleza kwa upole kwamba hakuna mahali pa kupitisha kisu. Akiliondoa lile doa, ataondoa na maneno. Asipoliondoa, litayala lenyewe. Mama Régine aliuliza kama kuna daktari mwingine, Kinshasa au nje, anayeweza. Daktari akasema picha ilikuwa imekwisha kutumwa kwa wengine, na wote wamejibu hivyohivyo. Ulimshukuru. Ulitamka asante vizuri kabisa, nikapata matumaini kwa sababu ya neno moja.

Baada ya hapo maneno yaliondoka kwa mafungu. Majina ya vitu, kisha ya watu. Mkono wa kulia ukalegea, kalamu ikawa inaanguka. Ulikuwa unanitazama ukisema, "Neno inakatala kutoka, Mado," mpaka sentensi hiyo nayo ikakataa.

Nami, Yaya, nilifanya nini? Nilikuja kila siku na daftari. Watu waliniona mwanafunzi mwaminifu. Nilikuja kuchukua mwisho. Niliogopa utaondoka nao, nikasahau kuogopa kwamba utaondoka.

Kuna alasiri moja sijawahi kumsimulia mtu. Tulikuwa barazani, Mama Régine amekwenda kuchota maji. Ulijaribu kunieleza sehemu ya kumi na moja. Ulisema mkono, ukasema hapana, ukasema mkono tena, ukapiga paja lako kwa hasira. Nilikupa penseli katika mkono wa kushoto. Ulichora mstari, ukausimamisha, ukaanza kulia. Sikukushika. Nilikuuliza kama hakimu: Kapya anarudi? Ukasema ndiyo. Anabaki? Ukasema ndiyo. Nikauliza upya, polepole, kwa sauti ya mtu anayesema na kiziwi. Ndiyo. Ndiyo. Nikafunga daftari, nikaondoka bila kuaga, nikaubamiza mlango wa uzio. Siku tatu sikuja. Nilijiambia nimechoka.

Niliporudi hukuwa na neno lolote. Macho yalinijua, au nilitaka yanijue.

Ulikwenda Jumapili asubuhi. Mama Régine alikuwa misani, mimi ndiye niliyemwambia aende, nitabaki nawe. Ulipumua, ukakaa bila kupumua, ukapumua tena. Niliweka kiganja changu juu ya kiganja chako, kama watu wa Welu. Nilijua ni upuuzi, na niliomba hata hivyo, nikabonyeza mpaka vidole vikauma. Hakuna kilichopita ila joto, nalo likapungua mkononi mwangu huku nimelishika.

Kwenye kilio Mama Régine aliniuliza, mbele ya dada zako wote waliotoka Kongolo, kama ulisema chochote. Nikasema ndiyo. Nikasema ulitaja jina lake, mara moja, wazi. Wanawake wakalia vizuri zaidi kuliko walivyokuwa wakilia. Sikujuta. Niliona nimempa kitu.

Kisha nikajaribu kuwapa na wasomaji wako. Niliandika mwisho ambao Kapya anarudi Kambove na kumkuta mama yake hai. Niliandika mwingine ambao anapokea zile nyuzi na kusikia sayari nzima ikimwita. Yote miwili imechorwa vizuri, nakuambia bila aibu, wewe ulinifundisha. Mchapaji wetu aliisoma, akachagua wa kwanza, akasema mikono yetu inafanana kiasi kwamba hakuna atakayejua. Ilibaki kuweka jina lako juu.

Jumamosi nilimpelekea Mama Régine kurasa hizo ili abariki. Ilikuwa mchana, amekaa anachambua sombe, majani ya muhogo. Alisoma moja moja mpaka mwisho, mikono imeloa. Akazirudisha, akasema, akikuita Papa kama alivyozoea, "Mado, ile Jumapili, Papa hakusema jina yangu."

Nilizipanga kurasa upya magotini.

"Hakukuwa nayo tena. Tangu mbele alikuwa ananiita mulango. 'Mulango, kuya. Mulango, maji.' Na miye nilikuwa naitika. Ile njo ilikuwa jina yangu." Hakuwa amekasirika. Aliendelea na majani yake. "Ulinitungiya kwa upendo, nilijua palepale. Lakini mulango ilikuwa ya kwake ya kweli. Ya kwako, minaiweka wapi?"

Nililia kwa lile neno, kwa kuwa wewe ulilitafuta kwa shida na ukalipata, nami nililifunika kwa neno zuri. Nilimwambia yote kuhusu ile alasiri barazani, na siku tatu, na mlango wa uzio. Alisema alijua na hilo. Siku hizo, kila mlango wa uzio uliposikika, wewe uligeuza kichwa. Hakuniambia umenisamehe. Hakuwa na njia ya kujua, wala mimi.

Usiku ule nilitafuta ile picha ya hospitali, aliyonipa Mama Régine niitunze. Nimeitazama mara nyingi mbele ya dirisha. Kila kona ya ubongo wako iko pale, mikunjo yote, safi kuliko mchoro wowote tuliowahi kuchora. Kapya yuko humo mahali fulani. Na mwisho wake, na nilichofanya, na ulichofikiri juu yangu ulipogeuza kichwa. Sioni kitu. Ni kijivu na nyeupe.

Kurasa za miisho yote miwili nimezichana. Jumatatu nitakwenda kwa mchapaji na kumwambia hadithi inaishia sehemu ya kumi. Atakasirika, na wanafunzi wako watanichukia kwa muda. Nitawaambia mwalimu wenu alikuwa na mwisho, akafa kabla hajautoa, na mimi sikuwa na uwezo wa kuutoa. Sijui maneno bora kuliko hayo.

Pumzika, Yaya. Mama Régine anakusalimu; ninamtembelea kila Jumamosi, na sitaacha. Sitajifanya tena ninajua ulichotaka kusema. Mtu akiniuliza neno lako, nitasema sijui, na nitabaki nimesimama hapo mbele yake, niaibike.

Mwanafunzi wako,
Mado