Grupe Mu Depo

Siku ya pili, 3 Juni 2025

Leo muntu wa biro ya mazingira alipita mu avenue yetu. Anasema: sheria mupya, kila grupe, mashini ya kuleta kuran ya umeme, inaomba permi, karatasi ya ruhusa. Ikae inje, mbali na madirisha, na tuyo yake ya moshi ipande juu kupita paa. Jirani yetu Kapinga akaitika mbio: ile ya Monga inatuua na moshi! Kumbe njo yeye alimuita. Ule mulomo! Na samaki yangu ikioza mu konjelatere bila kuran, njo yeye atalisha batoto? Monga, bwana yangu, hakusema kitu. Namujua. Akinyamaza vile, iko anapanga.

Siku ya tano, 6 Juni

Mupango yake njo hii: ameingiza grupe mu depo, mule tunaweka vitu! Mulango ya kufunga, tuyo fupi, magunia ku dirisha juu moshi isionekane inje. Ba biro bakirudi bataona kiwanja safi, hivi anasema. Nikamuambia: Monga, nyuma ya ule ukuta mama yangu analala! Alitoka Kaniama na goti ya kuumwa, hakukuya kunusa esansi ya mashini. Akacheka, ati moshi haipite mu matofali. Na minyi nikacheka. Sijui juu ya nini.

Siku ya Mungu, 8 Juni

Mama hakuenda misa. Kichwa, tena anatapika. Na hii baridi, dirisha hafungue. Nikamuuliza kama ni moshi. Aka! Alinikaripia: weye unataka niseme maneno ya mashini ya mukwe wangu? Ni buko, usinipatishe haya. Kwetu Baluba buko njo hii: mukwe na mama mukwe habaangaliane mu macho, hata sahani habapokezane. Basi anameza maneno tu.

Ku santere ya afya: malaria, negatif. Bakamupa vidonge ya kichwa. Roho yangu haikae.

Siku ya tatu, 11 Juni

Permi imetoka! Ule muntu alisimama ku mulango ya kiwanja, akanusa huku, akanusa kule — hapana kitu, hata hakuuliza grupe iko wapi. Akapiga kashe ku karatasi. Monga amebandika karatasi juu ya konjelatere, bia ikafunguliwa. Hata Kapinga alikuya kumusifu, sasa anapumua muzuri! Nilitaka kusema mbele ya ule muntu: ingia basi mu depo. Bantu bote banacheka, nikafunga kinywa. Woga yangu tu.

Esansi ilikwisha jana, grupe ikalala. Leo Mama alikula bukari yote na akaimba kidogo. Nimeona ile. Monga hakuona.

Siku ya posho, 14 Juni

Niko Kabondo-Dianda. Nimefika jana juu ya kununua samaki. Mbele ya kutoka nilimuambia Monga: usiwashe kama Mama iko mu chumba. Ndiyo, ndiyo, hivi aliniitikia.

Asubuhi napiga simu. Kwanza nasikia grupe.

— Mama iko wapi?

— Mu chumba. Hayatoka. Nimemuita ku mulango, haitike.

— Zima! Ingia!

— Masengo, ni mama mukwe wangu! Iko mu kitanda, sijui kama amevaa. Minyi niingie namuna gani? Nimetuma bantu baite Kapinga, yeye ni mwanamuke, ataingia. Iko ku soko.

— Vunja ule mulango! Maneno ya buko niachie minyi!

Rezo ya simu ikakatika. Eh Leza, Mungu wangu! Naandika juu ya gunia. Nisipoandika nitalia mbele ya hawa bauza-samaki bote.

Napiga tena. Hapana. Tena.

Simu imeingia! Ameacha simu wazi, hanisikie. Grupe amezima, ndiyo, amezima. Halafu nasikia vidole yake ku mulango, polepole, na sauti yake ya heshima, ile ya kuongea na bakubwa:

— Hodi, mama mukwe... Hodi...